Fahamu: Mwalimu mpya na darasa la kwanza

Kijana wa Gede aliyehitimu ualimu, hata akiwa na shahada yake na cheti cha maadili mema cha polisi mkononi, hana idhini ya kufundisha kabla jina lake halijasajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), kama inavyoamuru sheria ya mwaka 2012. Akiisha kusajiliwa, aghalabu huanzia uanagenzi, ambao malipo yake katika sekondari msingi yamekuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Ujira huo, kwa mtu mwenye kulipa kodi ya chumba na nauli ya matatu hadi Malindi, ni dhulma. Na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki za walimu wanagenzi. Wengine huajiriwa na bodi za shule, kwa malipo ambayo mara nyingi hutegemea michango ya wazazi.