Maumivu Yasiyoulizwa

Mpenzi msomaji, mwenye haya na afunue ukurasa unaofuata, kwani nitataja mambo kwa majina yake.

Likizo ya Aprili dada yangu alijifungua kifungua mimba wake. Nyumbani ilikuwa ni vigelegele na nderemo. Dada mwenyewe alikuwa akiketi kwa paja moja, na uji akaukataa. Nilidhani anadeka. Kumbe maskini aliogopa kwenda choo! Aliona kwamba asipokula, haja kubwa haitakuja.

Nyanya alisema kila mzazi hupitia hayo, na hakukosea sana. Katikati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa pana sehemu iitwayo msamba. Mtoto akitoka, msamba hutanuka mno, na kwa mama wa mara ya kwanza haujawahi kutanuka hivyo. Madaktari wa uzazi wa Uingereza husema kuwa hadi 9 kati ya 10 wa mama hao wanaojifungua kwa njia ya kawaida huchubuka, huchanika au hukatwa. Kuna anayechanika ngozi tu. Huyo mara nyingi hupona hivihivi. Kuna anayechanika hadi misuli, akashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Wachache huchanika mpaka msuli unaozuia choo, nao hupelekwa chumba cha upasuaji. Ule mtindo wa kumkata kila mama ili kumwongezea njia, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2018 usiwe desturi.

Siku ya sita dada akashikwa na homa, kidonda kikanuka. Mama akamwambia avumilie. Mimi nikabisha, jambo ambalo kwetu si mchezo, mpaka tukaenda zahanati.

Muuguzi alitueleza kuwa uchungu wa kawaida hupungua kila siku. Wa dada ulikuwa ukizidi, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeingia viini. Akampa dawa. Akamwambia anawe kwa maji safi kila atokapo choo, abadilishe pedi mara kwa mara, anywe maji mengi na ale mboga na matunda ili choo kiwe laini. Tena akasema, mama anayeshindwa kuzuia upepo au choo arudi hospitali, hata miezi ikiwa imepita.

"Mbona hukusema mapema, mama?" akamwuliza.

"Ningemwambia nani, sista? Kila anayekuja anauliza mtoto tu."

Nami nilikuwa mmoja wao.