KUONGEZA KASI YA INTANETI NYUMBANI BILA KUPOTEZA ANWANI ISIYOBADILIKA

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza maana ya anwani ya IP na aina zake;
(b) kufafanua kwa nini anwani hupotea mteja anapobadili huduma;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kuongeza kasi huku anwani ikibaki;
(d) kukokotoa muda wa kupakua faili.

Utangulizi

Chukulia kwamba nyumbani kwenu ni Chamazi, Wilaya ya Temeke. Mama ana steshenari mbele ya nyumba. Humo mna kompyuta ya hesabu, mashine ya kurudufu na kamera mbili za ulinzi. Mama akienda Kariakoo kufuata mzigo, hufungua simu yake na kuliangalia duka. Intaneti inapita kwenye waya wa shaba wa simu, nayo ni ya kusuasua. Sasa nguzo za faiba zimefika mtaani kwenu, na fundi anasema kasi itapanda mara tano. Mama anakuuliza wewe uliye kidato cha nne: "Tukibadilisha, nitaendelea kuliona duka?" Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

1. Anwani ya IP ni nini?

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa katika mtandao ili taarifa zijue ziende wapi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na nyumba nyingi zikapata namba na jina la mtaa. Nyumba isiyo na anwani ni vigumu mgeni kuifikia. Kifaa nacho ni vivyo hivyo.

Anwani ya toleo la nne (IPv4) ina biti 32, zilizogawanywa katika sehemu nne. Kila sehemu ni namba kuanzia 0 hadi 255, kwa mfano 203.0.113.25. (Anwani hii imetengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni, haina mwenyewe.) Jumla ya anwani zote za toleo hilo ni 4,294,967,296. Toleo la sita (IPv6) lina biti 128.

Kuna makundi mawili ya kutofautisha:

(i) Anwani ya umma na anwani ya ndani. Anwani ya umma huonekana duniani kote. Anwani ya ndani hutumika ndani ya nyumba au ofisi tu. Zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na za kuanzia 172.16 hadi 172.31 ni za ndani.

(ii) Anwani isiyobadilika na inayobadilika. Isiyobadilika hubaki ileile hata ruta ikizimwa na kuwashwa. Inayobadilika hutolewa kwa muda, na kesho inaweza kuwa nyingine.

Zingatia: Kamera ya mama inaweza kuwa na anwani ya ndani isiyobadilika, mfano 192.168.1.20. Hiyo peke yake haitoshi kuifikia kutoka Kariakoo. Kinachomfikisha mama mpaka nyumbani ni anwani ya umma iliyo kwenye ruta. Kisha ruta humwelekeza kwenye kamera.

2. Kwa nini anwani hupotea?

Sababu ya kwanza ni umiliki. Tangu Machi 2017 mteja wa simu Tanzania anaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine akabaki na namba yake. Watahiniwa wengi hudhani anwani ya IP nayo ni hivyo. Sivyo. Anwani za Afrika hugawiwa na AFRINIC, taasisi yenye makao yake Mauritius. Mtoa huduma hupewa fungu la anwani, naye humkodishia mteja moja. Ukihamia kwa mtoa huduma mwingine, anwani inabaki kwa mwenyewe, kama mpangaji anayehama chumba asivyoondoka na namba ya nyumba.

Sababu ya pili ni uhaba. Mwezi Februari 2011 mafungu ya mwisho ya IPv4 katika hazina kuu ya dunia yaligawiwa kwa taasisi tano za kanda. Kwa hiyo watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta ya mteja hupata anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, au ya ndani. Mteja wa namna hii anafungua tovuti bila shida, lakini mtu wa nje hawezi kubisha hodi kwake.

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya njia. Waya wa shaba na faiba vinaweza kuishia kwenye mitambo tofauti ya mtoa huduma yuleyule. Fungu la anwani likiwa limefungwa kwenye mtambo wa zamani, anwani haihami mpaka mtaalamu wa kampuni aihamishe.

Kanuni ya kukumbuka: Ukibadili kifurushi au njia kwa mtoa huduma yuleyule, anwani inaweza kubaki ukiomba. Ukibadili mtoa huduma, anwani itabadilika.

3. Hatua za kufuata

(1) Andika taarifa za zamani kabla fundi hajagusa kitu: anwani ya umma, kinyago cha mtandao, anwani ya lango, anwani za DNS, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ya muunganisho.

(2) Uliza na upate jibu kwa maandishi: "Je, anwani yetu itahamia kwenye faiba? Ina malipo ya ziada kila mwezi?" Maneno ya fundi aliye juu ya nguzo si mkataba.

(3) Usikate huduma ya zamani. Acha zote mbili zifanye kazi kwa siku chache. Ukiikata mapema, anwani inaweza kurudi kwenye fungu na kupewa mteja mwingine.

(4) Panga ruta mpya kwa mfumo wa ndani wa zamani. Ikiwa ruta ya zamani ilitumia 192.168.1.1 na mpya inatumia 192.168.100.1, kamera ya 192.168.1.20 haitaonekana, ingawa intaneti inafanya kazi vizuri.

(5) Rudisha maelekezo ya poti, yaani amri inayoiambia ruta kwamba mgeni wa poti fulani apelekwe kwenye kamera. Maelekezo hayo hukaa ndani ya ruta. Ruta ikiondoka, yanaondoka nayo.

(6) Pima. Tazama anwani ya upande wa nje ndani ya ruta, kisha fungua tovuti inayoonyesha anwani yako. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Mwisho, zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, ujaribu kuiona kamera. Ukijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, hujapima chochote.

(7) Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta na ya kamera. Anwani isiyobadilika humrahisishia mama kazi, na humrahisishia mhalifu pia. Fungua poti zinazohitajika tu.

Anwani ikishindikana kubaki, tumia jina la kikoa badala ya namba. Jina hubaki lilelile na namba iliyo nyuma yake hubadilishwa. Ipo pia huduma ya DNS inayosasisha namba yenyewe. Lakini angalia: huduma hiyo haisaidii ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja.

4. Kukokotoa muda wa kupakua

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde; ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti 1 = biti 8.

Mfano: Video ya somo ina megabaiti 300. Linganisha muda wa kuipakua kwa kasi ya megabiti 4 na megabiti 20 kwa sekunde.

Ukubwa = 300 × 8 = megabiti 2,400
Kwa kasi ya 4: 2,400 ÷ 4 = sekunde 600 = dakika 10
Kwa kasi ya 20: 2,400 ÷ 20 = sekunde 120 = dakika 2

Hali halisi huchukua muda zaidi kidogo, hasa usiku mtaa mzima unapokuwa mtandaoni.

5. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

• Kusahau kuzidisha kwa 8.
• Kudai kwamba anwani isiyobadilika huongeza kasi. Kasi ni upana wa barabara; anwani ni namba ya nyumba.
• Kuorodhesha hatua bila sababu wakati swali limesema "fafanua". Kila hatua iandikie "kwa sababu".

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha anwani ya umma na anwani ya ndani.
2. Mkazi wa Tegeta, Kinondoni, amewekewa faiba. Ruta yake inaonyesha anwani ya nje 100.72.14.9. Tovuti zinafunguka lakini kamera haionekani akiwa kazini. Eleza sababu na ushauri utakaompa.
3. Mitihani iliyopita ina megabaiti 90. Itapakuliwa kwa muda gani kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde?

Vidokezo vya majibu

1. Rejea kipengele cha 1 (i).
2. Yuko nyuma ya anwani ya pamoja. Aombe anwani ya umma isiyobadilika kwa mtoa huduma wake, kisha arudishe maelekezo ya poti na kupima kwa bando.
3. 90 × 8 ÷ 6 = sekunde 120.

Na mama yako mjibu hivi: "Utaendelea kuliona duka, mama, ila tusikate waya wa zamani mpaka nimepima."