Dizeli ndogo za kifahari: zilizaliwa na jedwali la kodi, zikafia mjini

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mwingereza aliyekuwa akipewa gari na mwajiri wake hakuwa na haja ya kusoma majarida ya magari. Jedwali la kodi lilimtosha. Tangu 2002, kodi ya gari la kazini nchini humo ilipimwa kwa gramu za hewa ya kaboni kwa kila kilomita, na gari lisilozidi gramu 100 lilisamehewa hata ada ya barabara ya kila mwaka. BMW 116d EfficientDynamics ilitoa gramu 99. Audi A3 ya dizeli ya lita 1.6 nayo ikatoa gramu 99. Wahandisi walijua mstari umechorwa wapi.

Audi ndiyo iliyotangulia, mwaka 1996, kuthibitisha kwamba mteja atakubali kulipa bei ya gari kubwa kwa gari dogo la mkia mfupi. BMW ikafuata na 1 Series mwaka 2004. Mercedes ilipoishusha A-Class na kuinyoosha mwaka 2012, A 180 CDI ilibeba injini ya lita 1.5 iliyotoka Renault, ndugu wa ile iliyokuwa ndani ya Clio. Mnunuzi alilipia nyota puani. Injini yenyewe, kusema kweli, haikuwa mbaya hata kidogo.

Kuishi na gari la aina hii kuna utamu wake. Tangi la lita 50, kwa mwendo wa lita 5 kila kilomita 100, linafika kilomita 1,000, na mlimani tabo inavuta bila dereva kuhangaika na gia. Asubuhi ya baridi, hata hivyo, injini hugonga kama ya lori, na abiria hungoja joto kwa muda mrefu kuliko mwenye petroli.

Kero kubwa imejificha kwenye bomba la moshi. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi, ambacho mafundi wengi hukiita DPF. Kikijaa, kompyuta huongeza dizeli ili moshi upande hadi karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa barabara kuu, robo saa au zaidi bila kusimama. Mzazi anayepeleka mtoto shule kilomita 3, akazima, akarudi, hakipi kichujio nafasi hiyo. Kila jaribio hukatizwa, dizeli isiyoungua huchuruzika kwenye oili, taa ya onyo huwaka, na fedha zilizookolewa kituo cha mafuta huishia gereji. Wapo wanaokitoboa au kuking'oa kabisa. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na kichujio hicho halipiti ukaguzi wa mwaka likikutwa halina.

Halafu ikaja Septemba 2015. Volkswagen, kampuni mama ya Audi, ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Mwaka huo dizeli zilikuwa zaidi ya nusu ya magari mapya Ulaya Magharibi. Kufikia 2023, katika Umoja wa Ulaya, hazikuzidi asilimia 14. Miji nayo iligeuka. Tangu Agosti 2023 dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa siku popote ndani ya London. Zile za gramu 99 zilizobembelezwa na kodi nyingi ni Euro 5.

Afrika Mashariki ladha ya dizeli ndogo iliingia kwa mlango wa Japani, kupitia Mazda Demio ya lita 1.5 ya mwaka 2014. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, hivyo kinachoshuka bandarini Mombasa karibu kila mara kina kichujio. Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: Japani na Ulaya dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango cha Kenya, Tanzania na majirani zao kilichoanza 2015 kiliruhusu 50. Ni hatua kubwa kutoka enzi za mia tano, lakini gari hilo halikuundiwa mafuta hayo.

Kwa anayetoka Nairobi kwenda Naivasha na kurudi mara tatu kwa wiki, Demio ya dizeli inalipa. Kwa anayetoka South B kwenda katikati ya jiji na kukaa saa nzima kwenye foleni, achukue ya petroli. Anayeshikilia dizeli aende kwa muuzaji na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, amwombe aangalie kiasi cha masizi kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni.