Gari Livutwalo na Magurudumu ya Mbele Katika Tope la Masika

Theluji ya Tanzania iko juu ya Mlima Kilimanjaro, wala hakuna gari lifikalo huko. Hata hivyo, kila mwaka kati ya mwezi wa Machi na Mei, mwendeshaji wa gari dogo akaaye pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam hukabiliwa na jambo lile lile limsumbualo mwendeshaji wa Sweden au wa kaskazini mwa Japani wakati wa baridi kali. Jambo hilo ni njia inayoteleza. Barabara kuu zina lami, lakini nyingi za njia za ndani huko Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, na huko Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, ni za udongo. Mvua ya usiku mmoja inatosha kuufanya udongo huo uwe kama sabuni.

Katika njia hizo hizo, ambazo mara nyingi hazina kando ya kupitia watu, watoto hutembea alfajiri kwenda shuleni, na wagonjwa hupelekwa hospitali usiku. Kwa hiyo gari linaloserereka si suala la mwenye gari peke yake. Kanuni zinazolitawala gari hilo ni zile zinazofundishwa katika somo la fizikia, na mwanafunzi anaweza kuzikokotoa mwenyewe.

Kani ya msuguano

Injini haiwezi kulisogeza gari pasipo msuguano kati ya tairi na ardhi. Msuguano huo ndio unaovuta, ndio unaopinda kona na ndio unaosimamisha. Ukubwa wake wa juu kabisa hutegemea mambo mawili: uzito unaolikandamiza gurudumu, na hali ya nyuso mbili zinazogusana. Uwiano wa kani hiyo kwa uzito huitwa kipimo cha msuguano. Katika lami kavu kipimo hicho hukaribia 0.8. Katika lami iliyoloa hushuka hadi kiasi cha 0.5. Katika theluji iliyokandamizwa na katika utelezi wa mfinyanzi uliolowana huwa kiasi cha 0.2, na katika barafu huweza kufika 0.1 au chini yake. Kwa hiyo, kwa upande wa tairi, mlima wa tope huko Chamazi na barabara yenye theluji huko Sweden ni ndugu wa karibu.

Injini juu ya magurudumu yanayovuta

Kwa miaka mingi magari mengi yalikuwa na injini mbele, lakini nguvu yake ilipelekwa kwa shafti ndefu hadi magurudumu ya nyuma. Gari la namna hiyo husukumwa kutoka nyuma. Mwaka 1934 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilianza kuuza kwa wingi gari lililovutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka 1959 mhandisi Alec Issigonis alibuni gari la Mini huko Uingereza, akiwa ameilaza injini kukingama, ili gari dogo liwe na nafasi kubwa ya abiria. Mini Cooper, mwenye injini ya nguvu zaidi, alishinda mashindano ya Monte Carlo, ambayo hupita katika milima yenye theluji, mwaka 1964, 1965 na 1967. Mpango huo wa Issigonis ulienea duniani kote. Hata Toyota Corolla, iliyokuwa ikisukumwa kutoka nyuma, ilianza kugeuzwa mwaka 1983. Leo nyingi za gari ndogo zilizotumika zinazoletwa Dar es Salaam kutoka Japani, kama vile Vitz na IST, huvutwa na magurudumu ya mbele.

Faida ya mpango huo katika utelezi ni rahisi kueleweka. Injini na gia ni vitu vizito, na vyote vimekaa juu ya magurudumu yanayovuta. Lakini faida hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe huonekana katika hesabu.

Hesabu ya mlima

Chukua gari lenye tungamo la kilo 1,000, dereva akiwa ndani. Uzito wake ni nyutoni 10,000. Kama gari hilo linavutwa na magurudumu ya mbele, kiasi cha nyutoni 6,000 hukaa mbele na 4,000 nyuma. Katika tope lenye kipimo cha msuguano cha 0.2, magurudumu ya mbele yanaweza kuvuta kwa kani isiyozidi nyutoni 1,200. Tuseme tope lenyewe, kwa kuzama na kunata, hulipinga gari kwa nyutoni 500. Zinazobaki kwa kupanda mlima ni 700. Basi gari hilo litaweza kupanda mlima unaoinuka mita 7 kwa kila mita 100.

Gari la kusukumwa kutoka nyuma lenye tungamo lilo hilo huwa na kiasi cha nyutoni 4,500 juu ya magurudumu ya nyuma. Litasukuma kwa nyutoni 900; zikitolewa 500 za tope, zinabaki 400. Mlima wake ni mita 4 kwa mita 100. Hapo gari la mvuto wa mbele limeshinda.

Sasa magari yote mawili yapakie abiria wanne pamoja na mizigo katika buti, jumla kilo 400 zaidi. Nyutoni 800 za mzigo huo zinaangukia mbele, na 3,200 nyuma. Gari la mvuto wa mbele sasa lina nyutoni 6,800 juu ya magurudumu yanayovuta, nalo huvuta kwa nyutoni 1,360. Upinzani wa tope umeongezeka kufikia 700, hivyo zinabaki 660 za kupandisha uzito wa nyutoni 14,000. Uwezo wake umeshuka hadi mita 4.7 kwa mita 100. Gari la kusukumwa lina nyutoni 7,700 nyuma. Linasukuma kwa 1,540, zinabaki 840, na uwezo wake umepanda hadi mita 6. Ushindi umehama.

Hesabu hii haikutia ndani uzito kidogo unaohamia nyuma gari linapoinua pua, lakini hali hiyo huzidisha tofauti ile ile. Ndiyo sababu madereva wa pikapu za zamani walifurahia kuwa na mzigo wakati wa masika. Ndiyo sababu pia abiria wa gari dogo la mvuto wa mbele huombwa washuke chini ya mlima, na inafaa waanze wale wa kiti cha nyuma. Aidha, gari hilo likishindwa kupanda kwa mbele, pengine litapanda kwa kinyumenyume, kwa kuwa hapo magurudumu yanayovuta yako upande wa chini wa mlima na uzito huyaegemea. Jambo hilo lifanywe tu pale dereva anapoona njia yote na hakuna watu nyuma yake.

Dereva wengi, gari linapokwama, hukanyaga mafuta kwa nguvu. Hilo ni kosa. Gurudumu linalozunguka bila kusogea huchimba shimo lake lenyewe na kuupiga msasa udongo uwe laini zaidi. Tena difu ya kawaida huyagawia magurudumu mawili nguvu sawa. Moja likikanyaga utelezi likaanza kuzunguka ovyo, la pili nalo halipati zaidi ya nguvu ile ndogo ya mwenzake. Njia iliyo bora ni kuondoka polepole, katika gia ya pili kama gari ni la gia za mkono, na kutia changarawe, kifusi au matawi mbele ya matairi.

Kona na breki

Katika gari la mvuto wa mbele, tairi la mbele limepewa kazi mbili: kuvuta na kupinda. Msuguano wake ni kama akiba moja ya fedha inayogharamia kazi zote mbili. Uhusiano wake hufuata kanuni ya Pitagora. Kama akiba ni 100, na dereva ametumia 80 kwa kuvuta, zinazobaki kwa kupinda ni 60, kwa maana mraba wa 80 na mraba wa 60 hujumlika kuwa mraba wa 100. Akitumia zote 100 kwa kuvuta, hakuna kilichobaki. Gari litakwenda moja kwa moja mpaka mtaroni, hata kama usukani umekatwa wote.

Dawa yake ni kupunguza mafuta taratibu na kuurudisha usukani kidogo, ili tairi lishike tena. Kuachia mafuta ghafla katikati ya kona, au kuvuta breki ya mkono, huwa na hatari nyingine. Uzito hukimbilia mbele, nyuma ya gari hubaki nyepesi, na gari hugeuka kama pia.

Mwendo nao una mipaka. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, lami kavu humruhusu dereva kwenda kilomita 45 kwa saa hivi kabla ya kuserereka. Katika tope la 0.2 mwendo huo ni kilomita 23. Kuhusu kusimama, hakuna tofauti ya mvuto wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa magurudumu yote manne yana breki. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husimama katika mita 8 juu ya lami kavu; katika tope hilo huhitaji mita 31. Kwanza kabisa, dereva aliyechukua sekunde moja kutambua hatari amekwisha kusafiri mita 11 kabla ya kugusa breki. Mtoto aliye mita 30 mbele ya gari hataokolewa na ustadi. Ataokolewa na mwendo mdogo uliochaguliwa mapema.

Bingwa wa theluji katika tope la Afrika Mashariki

Undugu wa theluji na tope ulithibitishwa zamani. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kawaida yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu.

Mmoja wa washindani wa miaka hiyo alikuwa Erik Carlsson wa Sweden, aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Gari lake lilikuwa Saab 96 lenye injini ya silinda tatu, isiyofika ujazo wa lita moja, nalo lilivutwa na magurudumu ya mbele. Kwa injini dogo kama hiyo hakuweza kupoteza mwendo ovyo. Alijulikana kwa kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku mguu wa kulia ukiwa bado juu ya mafuta, ili nyuma ya gari igeuke kidogo na pua iielekee kona. Mwaka 1964 alimaliza wa pili katika mashindano hayo ya Afrika Mashariki, mbele ya magari mengi yenye nguvu kuliko lake. Ustadi huo ni wa njia iliyofungwa kwa mashindano, wala haufai katika mtaa wenye watu. Lakini somo lake la msingi, yaani kuutumia msuguano mdogo kwa upole, lafaa kila mahali.

Tairi la theluji katika jua la Pwani

Hutokea gari lililotumika Japani likawa na matairi ya theluji, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Kashata zake zilizokatwakatwa huvutia macho, na mwenye gari huona kuwa amepata matairi ya tope. Mpira wa matairi hayo umetengenezwa ubaki laini katika baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Juu ya lami ya Dar es Salaam iliyochomwa na jua hulegea mno, huisha upesi, na huongeza urefu wa kusimama. Tairi la kawaida lenye kashata nzito lafaa zaidi, na tairi kipara halifai kabisa, kwa kuwa halina mifereji ya kutolea maji na tope.

Maji yavukapo barabara

Hatari kubwa kuliko zote ni mto uliovunja kingo. Sakafu ya gari dogo ina eneo la kiasi cha mita 5 za mraba. Kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu hiyo hulinyanyua gari kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 500. Kwa gari la kilo 1,000, nusu ya uzito imekwisha kuondoka, na nusu ya msuguano imekwenda nayo. Tena nyuma, palipo pepesi, ndipo panapoelea kwanza na kuzungushwa na mkondo. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40. Mbele ya maji yaendayo kasi, dereva mwenye busara hugeuza gari.

Jaribio la darasani

Chukua ubao wa mita moja na kipande cha gogo kilichopigiliwa mpira wa tairi kuukuu upande wa chini. Weka kipande hicho juu ya ubao, kisha inua ncha moja ya ubao polepole hadi kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, na umbali wa mlalo kutoka chini ya ncha hiyo hadi ncha ya pili. Gawanya kimo kwa umbali huo. Jibu ni kipimo cha msuguano. Rudia ubao ukiwa mkavu, umelowa, na umepakwa mfinyanzi. Kisha ongeza jiwe juu ya kipande, uone kama jibu hubadilika. Mwanafunzi atakayelinganisha majibu yake na njia aipitayo kwenda shuleni atajua kwa nini gari linalomjia wakati wa masika linastahili kupishwa kwa mbali.