Simu ya asiyeona huchaguliwa kwa masikio na vidole

Na MWANDISHI WETU

WATU wengi wenye macho huamini kwamba simu ya kisasa, ile ya kioo kitupu isiyokuwa na vitufe vya kubonyeza, haiwezi kumfaa mtu asiyeona. Huona heri anunuliwe kabambe yenye nambari anazoweza kuzipapasa, aitumie kupiga na kupokea simu, basi.

Dhana hiyo imepitwa na wakati. Tangu mwaka wa 2009 kumekuwa na simu za kioo zinazosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa juu ya kioo chao, na wasioona wengi huzitumia kuandika barua, kusoma magazeti na kutuma pesa. Hata hivyo, si kila simu iliyo dukani itamfaa. Anayenunuliwa isiyofaa hujikuta pale pale alipokuwa, akimwomba mwenye macho amsomee.

Siri mikononi mwa wengine

Jambo hili si la anasa. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Machi 2007, simu imegeuka kuwa kibeti cha Mkenya. Mtu asiyeweza kuisoma simu yake hulazimika kumpa mwanawe, jirani au bawabu nambari yake ya siri ili amtumie pesa au amwangalizie salio. Wengi wa wasaidizi hao ni waaminifu. Asiye mwaminifu naye hahitaji zaidi ya dakika moja.

Kuna pia siri za afya. Kliniki nyingi huwatumia wagonjwa ujumbe mfupi kuwakumbusha siku ya kurudi, na baadhi ya maabara hutuma matokeo kwa simu. Ujumbe unaohusu virusi vya Ukimwi, mimba au kifua kikuu haupaswi kusomwa kwanza na mtu mwingine, hata kama mnaishi nyumba moja.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza simu ni ya kampuni gani au kamera yake hupiga picha za namna gani, jiulize hivi: je, mwenyewe akiwa peke yake chumbani, ataweza kuitumia tangu mwanzo hadi mwisho?

Jinsi simu inavyozungumza

Programu inayosoma kioo cha iPhone huitwa VoiceOver. Iliingizwa katika iPhone 3GS iliyotolewa Juni 2009. Mwaka huo huo simu za Android zilianza kupata yao, iitwayo TalkBack. Miongoni mwa wahandisi wa Google waliohusika na kazi hiyo ni T. V. Raman, mzaliwa wa India ambaye mwenyewe haoni. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14 kutokana na glakoma, yaani presha ya macho.

Programu hizi hubadilisha kabisa namna ya kugusa kioo. Kidole kikipita juu ya kitu, simu hukitaja jina: "Ujumbe", "Kamera", "Betri asilimia 60". Hakuna kinachofunguka kwa kuguswa tu. Ukishasikia unachokitaka, unagonga kioo mara mbili kwa haraka, nacho hufunguka. Ukitaka kupitia vitu kimoja baada ya kingine, unatelezesha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Kuteremsha ukurasa huhitaji vidole viwili kwa TalkBack na vitatu kwa VoiceOver.

Mwenye macho akiishika simu iliyowashiwa programu hii mara ya kwanza hudhani imeharibika. Mwenye kuizoea huifanya isome kwa kasi ambayo wengine hawaambulii neno.

iPhone au Android?

Kila moja ina sifa yake. VoiceOver hufanya kazi kwa namna ile ile katika iPhone zote, kwa sababu simu na programu hutengenezwa na kampuni moja. Anayejifunza kwa iPhone ya rafiki hatapotea akishika yake. Isitoshe, simu hizo huendelea kupata maboresho kwa miaka kadhaa. Ubaya wake ni bei, ambayo humfanya mnunuzi wa kipato cha kadiri aendee iliyokwisha kutumika.

Android huuzwa na kampuni nyingi, kuanzia Samsung hadi Tecno, Infinix na Itel, na bei yake huanzia chini. Lakini kila kampuni hupanga menyu zake kivyake. Baadhi ya simu za bei ya chini huja bila TalkBack ndani, nayo hubidi itafutwe katika duka la programu la Google. Nyingine zina kumbukumbu ndogo mno, hivi kwamba unagusa sasa na sauti inakuja baadaye. Ziko pia zinazobana matumizi ya betri kwa kuzima programu ovyo, na programu ya kusoma huweza kuzimwa pamoja na nyingine. Kwa asiyeona, hilo ni sawa na kuzimiwa taa njiani.

Anayetaka Android atafanya vyema kutafuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, na toleo la 11 au la baadaye. Ni kuanzia toleo hilo ambapo TalkBack ilianza kupokea amri za vidole viwili, vitatu na vinne kwa pamoja.

Lugha nayo ni muhimu. Sauti za Google zinazotumiwa na Android zinajumuisha ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisomeshwa ujumbe wa Kiswahili huyavuruga maneno hadi maana ikapotea. Iwapo mwenye simu hupokea ujumbe mwingi kwa Kiswahili, muuzaji na aiwashe sauti hiyo papo hapo kabla ya kulipwa. Akishindwa, jaribuni simu nyingine.

Mtihani wa dukani

Kanuni ya kwanza ni kwamba mwenye kutumia simu aende dukani mwenyewe. Simu haichaguliwi na shemeji kisha ikaletwa nyumbani kama zawadi. Iwe ni duka kubwa la jijini au kibanda cha Barabara ya Luthuli, Nairobi, muuzaji anayekataa simu ijaribiwe hastahili pesa zako. Bebeni visikizi, na laini yenye salio kidogo. Kisha afanye haya, kwa mkono wake mwenyewe:

1. Aiwashe programu ya kusoma bila msaada. Kwa Android, hubonyezwa vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa muda wa sekunde tatu hivi. Kwa iPhone, hubonyezwa mara tatu kitufe cha pembeni, au kile cha chini kwa zile zilizo nacho. Njia hizi za mkato huenda zikahitaji kwanza kuruhusiwa katika mipangilio ya simu.

2. Apige simu, apokee nyingine na kuikata. Asikilize iwapo sauti ya programu inamzuia kumsikia anayezungumza naye.

3. Aandike ujumbe wa maneno kumi na kuusoma tena. Hapa ndipo uzito wa simu hujitokeza: herufi zikichelewa kutajwa, kuandika kutakuwa adhabu.

4. Abonyeze *334# na kuipitia menyu ya M-Pesa, bila kukamilisha malipo. Menyu za aina hii hujifunga zikikaa bila kujibiwa. Mwenye macho hutupa jicho na kuchagua. Asiyeona husubiri yote yasomwe. Simu nzito humfanya afungiwe nje kila mara.

5. Afungue programu ya benki yake. Baadhi ya programu zina vitufe visivyopewa majina, na simu husema "kitufe, kitufe, kitufe". Kosa hilo ni la aliyeunda programu, na kubadilisha simu hakulitibu.

6. Aipapase simu yenyewe. Je, vitufe vya pembeni vinatofautishika kwa kidole? Mahali pa alama ya kidole panajulikana? Kuna tundu la visikizi? Nyingi za siku hizi hazina, na visikizi visivyo na waya ni gharama nyingine. Kinga nene ya kioo nayo huweza kufanya mguso usisikike vizuri.

Jambo la mwisho la dukani husahaulika mno. Usikubali muuzaji aifungue simu kwa akaunti yake au kwa nywila aliyoibuni yeye. Siku simu itakapodai nywila hiyo, mwenyewe atakuwa amefungiwa nje ya mali yake. Kwa simu iliyokwisha kutumika, hakikisheni akaunti ya mwenyewe wa zamani imeondolewa.

Kulinda nambari ya siri

Simu inayosoma kila kitu huweza pia kumsomea jirani. Unapotafuta tarakimu za nambari ya siri kwa kidole, simu huzitaja. Kwa hivyo visikizi si pambo. Vaa sikio moja tu ukiwa nje, ili lingine libaki wazi kusikia magari na watu.

Aidha, VoiceOver na TalkBack zina amri ya kuzima mwanga wa kioo huku simu ikiendelea kufanya kazi. Aliyeketi kando yako kwenye matatu hataona chochote. Hiyo ni faida ambayo hata mwenye macho hana.

Mipaka yake

Kamera ya simu sasa ni jicho la akiba. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark na kutolewa mwaka wa 2015, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwelezea kilicho mbele ya kamera. Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft husoma maandishi yaliyochapishwa. Zote hizi zina manufaa, lakini nyingine huhitaji bando, na mashine ikielezea picha huweza kukosea kwa sauti ya kujiamini. Dawa na kipimo chake thibitisha na mfamasia. Barabara ivuke kwa fimbo nyeupe.

Wala simu si badala ya daktari. Mtu ambaye macho yamefifia asikate tamaa kabla ya kupimwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena. Glakoma, na madhara ya kisukari machoni, huweza kupunguzwa kasi yakitambuliwa mapema. Anayeona kidogo naye huenda akahitaji tu kukuza maandishi na kubadilisha rangi za kioo, mambo ambayo simu za aina zote mbili huyafanya.

Haki, si hisani

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili wanaohusika baada ya kukaguliwa hospitalini. Nacho chama cha Kenya Union of the Blind, kilichoanzishwa mwaka wa 1959, ni mahali pa kukutana na wenzako wanaozitumia simu hizi kila siku. Saa moja na mwenzako anayeijua simu yake itakufaa kuliko maneno mengi ya muuzaji.

Familia nazo zina wajibu mmoja mgumu: kuvumilia. Majuma ya kwanza mwenye simu atakosea, atapiga nambari asizozikusudia na kufungua asivyovitaka. Mwacheni. Kila mnapomnyang'anya simu ili "mumfanyie haraka", mnamrudisha kule alikokuwa, akingoja macho ya mtu mwingine ndipo ajue ana shilingi ngapi.