Fidia ya ajali kazini ina muda wake

MFANYAKAZI anayeumia kazini nchini Kenya aweza kupoteza fidia kwa sababu tu ya kuchelewa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 imewekea takriban kila hatua muda wake.

Kwanza, majeruhi, au mtu kwa niaba yake, humwarifu mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Ni heri kuandika na kubaki na nakala, kwani maneno matupu hukanwa kwa urahisi.

Mwajiri naye ana siku 7 tangu apate habari kuripoti ajali hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifa, taarifa yapasa kumfikia Mkurugenzi katika saa 24.

Dai lenyewe huwasilishwa katika miezi 12 tangu siku ya ajali au kifo. Mkurugenzi akishalifikisha kwa mwajiri au kampuni ya bima, lapaswa kulipwa katika siku 90.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi, ambaye hutakiwa kujibu katika siku 14. Jibu hilo laweza kukatiwa rufaa katika Mahakama ya Uajiri na Leba ndani ya siku 30.

Je, yawezekana kwenda mahakamani moja kwa moja? La. Utaratibu wa kuanzia kwa Mkurugenzi uliidhinishwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2019. Anayeuruka hupoteza wakati, na miezi 12 haimngoji.