Wapelelezi wa Nyuma ya Pazia

Asubuhi na mapema, jua likiwa halijapata ukali, mashua za uvuvi hufika Liwatoni, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, nao akina mama karanga huzingoja ufuoni na mabeseni yao. Mnunuzi mgeni huona samaki na bei tu. Mama karanga huona pia mashua ipi imerudi mapema kuliko desturi, nahodha yupi amelipa madeni yake yote kwa siku moja, na nani aliyekuwako jana na leo hayupo. Wao wenyewe husema kwamba huko ni kujua watu. Mtungaji wa hadithi za upelelezi angekupa jina jingine.

Hata hivyo, katika hadithi za upelelezi za Kiswahili kazi hiyo imekuwa zaidi ya wanaume. Aliye mashuhuri kuliko wote ni Bwana Msa wa Unguja, mvuta kiko, ambaye daima huandamana na rafiki yake Najum. Alitungwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyekuwa kwa miaka mingi mhariri wa gazeti la Mkulima. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mazungumzo ya marafiki hao wawili ni nusu ya utamu wa vitabu vyenyewe. Lakini kwa werevu wake wote, Bwana Msa akibisha hodi katika nyumba ya mjane aliyemo edani hataingia ndani. Atakaribishwa barazani, atapewa kahawa, na ataambiwa yale tu ambayo watu wa nyumba wamekwisha kupatana kumwambia.

Ni mlango huo uliofungwa ambao Sujata Massey, mwandishi wa Marekani ambaye baba yake alitoka India, ameufanya kuwa kiini cha kitabu chake The Widows of Malabar Hill, kilichotoka mwaka 2018. Mambo yake yanatokea Bombay mwaka 1921, na msomaji wa Mji wa Kale hatajiona mgeni humo, kwani kutoka bandari hiyo vitambaa na wafanyabiashara walivuka bahari kuja Mombasa kwa miaka mingi sana. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha nguo, Omar Farid, amefariki na kuacha wajane watatu: Razia, Sakina na Mumtaz. Wote wanatawa, na mwanamume msimamizi wa mali huzungumza nao kupitia ukuta wenye matundu. Siku moja barua yafika katika ofisi ya mwanasheria ikieleza kwamba wajane wote watatu wamekubali kuyatoa mahari yao yawe wakfu.

Anayeisoma ni Perveen Mistry, binti wa Kiparsi aliyesomea sheria Oxford na kufanya kazi pamoja na baba yake. Saini zilizo chini ya barua zamtia shaka. Je, wajane hao walielezwa maana ya waraka waliotia mkono? Hakuna mwanamume wa kwenda kuwauliza, naye Perveen aweza, basi akaenda, akaketi na kila mmoja peke yake. Maneno yao hayakulingana. Kisha yule msimamizi akaonekana ameuawa ndani ya nyumba, na polisi nao wakakwama pale pale penye pazia. Ni nani aliyemwua si jambo la kufichuliwa gazetini. Mwenye hamu na akitafute kitabu.

Linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni urafiki uliomo. Perveen ana rafiki tangu siku za Oxford, Mwingereza aitwaye Alice Hobson-Jones, hodari wa hesabu, ambaye baba yake ni mshauri wa Gavana. Alice aweza kuingia katika nyumba za wakubwa wa serikali, mahali ambapo Mhindi hakaribishwi ila kwa hisani. Perveen aingia katika vyumba vya wanawake ambavyo Alice peke yake asingevifikia. Kila mmoja ameshika ufunguo wa mlango uliofungwa kwa mwenzake. Lakini anayoambiwa Alice jioni yaweza kufika mezani kwa baba yake asubuhi, na Perveen hana budi kupima kila mara ni kiasi gani cha siri za wateja wake atamwambia mtu ampendaye. Hofu hiyo, kuliko maiti na kisu, ndiyo inayokipa kitabu uzito wake. Miss Marple wa Agatha Christie, bibi kizee aliyeanza kufumbua mauaji katika vitabu tangu mwaka 1930, hakubebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Wala Perveen hakutungwa kwa ndoto tupu. Nyuma yake yuko mtu halisi, Cornelia Sorabji, aliyefanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892 na kuwatumikia kwa miaka mingi wanawake watawa wa India waliokuwa wakidhulumiwa mali zao. Sheria ya India iliyowafungulia wanawake kazi ya uwakili ilitoka mwaka 1923 tu.

Sasa na turudi Mombasa. Hadithi kama hiyo ikiwekwa hapa, katika miaka ile ya 1920 gati za maji ya kina zilipokuwa zikijengwa Kilindini, haitapungukiwa na vifaa. Mabibi wa kiungwana walitembea zamani ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichochukuliwa na watumwa kuwazunguka. Baadaye likaja buibui, ambalo lamfanya tajiri na maskini wafanane njiani. Kulikuwa na vyama vya lelemama, ambavyo nyimbo zao ziliweza kumfichua mkosaji kwa fumbo bila kumtaja jina, na mji mzima ukaelewa. Tena kulikuwa na somo, mwanamke amfundaye mwari na kubaki msiri wake hata uzeeni. Ni polisi gani ajuaye ayajuayo somo?

Lakini hapa pia urafiki una deni ndani yake. Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa mwaka 1989 kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kama walivyoyasimulia wenyewe. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa. Mishi wa Abdala, aliyekuwa kungwi, alitoka katika uzao wa watumwa. Watu wa jamii hizo mbili waliishi mji mmoja na kukutana arusini na matangani. Utumwa ulikwisha kisheria mwaka 1907, lakini heshima na uchungu havikukoma siku hiyo. Kwa hiyo mtungaji atakayewafanya wawili wa namna hiyo kuwa wapelelezi hawezi kuandika tu kwamba walipendana. Bibi anazo hati sandukuni, na kutoka mchana hatoki ovyo; mwenzake apita sokoni na ufuoni na kusikia yote. Siri ikifumbuka, ni nani atakayesifiwa? Na ikiwa mkosaji ni wa ukoo wa bibi, je, mwenzake atathubutu kumwambia?

Pa kuanzia pangefaa pasiwe mbali na Liwatoni, penye nguzo ya kale ya Mbaraki, ambapo watu wamezoea kupeleka sadaka na marashi. Apite mama mmoja alfajiri akielekea kununua samaki, aokote hapo hati iliyokunjwa: ya mahari, yenye alama ya dole gumba. Yeye hajui kusoma, ila dole lenye kovu alitambua mara moja. Ampelekee rafiki yake asomaye, nao wafunge mlango, na la kwanza la kuulizana liwe: siku mjane huyo alipotia dole, ni nani aliyemshika mkono?